Nyota Mkongwe wa Bei Mbaya: Timu ya Kikapu Imchukue au Imwache?

Kila Februari, dirisha la kubadilishana wachezaji NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, linapokaribia kufungwa, mjadala huwa ule ule. Kuna timu imeshinda nusu ya mechi zake na zaidi kidogo, ina vijana wawili watatu wa kutumainiwa, na kuna nyota wa miaka 34 au 35, mshahara wake umepita dola milioni 45 kwa msimu, ambaye klabu yake iko tayari kumwachia. Mashabiki hugawanyika hapo hapo. Wengine husema jungu kuu halikosi ukoko, mtu aliyeshacheza fainali hawezi kuusahau mpira. Wengine hujibu kwamba huko ni kuwauza watoto wa nyumbani ili kumlipa mtu kiinua mgongo.

Pande zote mbili zina mifano ya kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Anayetaka nyota achukuliwe atakukumbusha Clyde Drexler, aliyefika Houston Februari 1995 akiwa na miaka 32 na kutwaa ubingwa miezi minne baadaye. Asiyetaka atakutajia Russell Westbrook, aliyefika Lakers 2021 akiwa na miaka 32 hiyo hiyo, timu ikamaliza na ushindi 33 na vipigo 49, ikakosa hata mchujo, zile mechi za mtoano za kuwania ubingwa. Umri mmoja, matokeo mbingu na ardhi. Kwa hiyo anayeamua kwa kutazama tarehe ya kuzaliwa peke yake hajaamua kitu.

Njia niliyoiona inasaidia ni kuweka pamoja biashara mbili zinazofanana karibu kwa kila jambo, moja iliyofanikiwa na nyingine iliyoshindwa, kisha kutafuta zilipoachana. Historia ya NBA imetupa jozi tatu nzuri sana.

Garnett wa 2007 na Garnett wa 2013

Boston walitoka kwenye msimu wa 2006-07 na ushindi 24 na vipigo 58. Kiangazi kile wakamchukua Ray Allen kutoka Seattle, kisha Kevin Garnett kutoka Minnesota. Kwa Garnett walitoa wachezaji watano, wa thamani zaidi akiwa kijana Al Jefferson, pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya, ambapo kwa kawaida zilizofanya vibaya hutangulia. Garnett alikuwa na miaka 31. Paul Pierce alikuwa pale tayari. Msimu uliofuata walishinda mechi 66, wakapoteza 16, wakawafunga Lakers kwenye fainali.

Miaka sita baadaye Brooklyn walimchukua Garnett yule yule, sasa ana miaka 37, pamoja na Pierce na Jason Terry wenye miaka 35. Walichowapa Boston ni wachezaji kadhaa wa kusawazisha mishahara, nafasi za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na haki ya Boston kubadilishana nafasi nao mwaka 2017 ikiwa ya Brooklyn ni bora. Nafasi zote hizo hazikuwekewa kinga yoyote: hata Brooklyn wakishika mkia, zinakwenda Boston.

Tuwe wa haki, msimu wa kwanza haukuwa wa kutupa. Walishinda mechi 44 na kukutana na Toronto raundi ya kwanza. Mechi ya saba, ugenini, sekunde za mwisho, Brooklyn wanaongoza kwa pointi moja, Kyle Lowry anapenya na kurusha, Pierce anaunyosha mkono na kuuzuia mpira. 104 kwa 103. Mchezaji mwenye umri ule kuisoma hatua ile na kufika kwa wakati ni ufundi ambao kijana wa miaka 20 hana. Ila tendo lile ndilo lililokuwa kilele cha biashara nzima. Miami wakawatoa raundi ya pili kwa mechi nne kwa moja, Pierce akaenda Washington kiangazi kile kile, na Garnett, ambaye wastani wake msimu wa kwanza ulikuwa pointi 6.5, akarudishwa Minnesota Februari 2015.

Halafu bili ikaanza kufika. Nafasi ya 2016 ikawa ya tatu, Boston wakamchagua Jaylen Brown. Ile ya 2017 ikawa ya kwanza kabisa. Boston wakashuka hadi ya tatu kwa kubadilishana na Philadelphia na bado wakampata Jayson Tatum. Wawili hao ndio walioipa Boston ubingwa wa 2024, Brown akiwa mchezaji bora wa fainali. Brooklyn, katika misimu miwili mfululizo ya ushindi 21 na 20, hawakuwa na chochote cha kujifariji, kwa sababu hata matunda ya kufungwa kwao yalikuwa ya mtu mwingine.

Wengi wanasoma jozi hii na kusema tofauti ni miaka sita ya mwili wa Garnett. Sikatai. Lakini angalia walivyolipa. Boston wa 2007 walilipa na vitu vya wakati ule, na nyota wao alikuwa na miaka kadhaa ya kuvifidia. Brooklyn walilipa kwa miaka ambayo kila mtu alijua Garnett hatakuwa uwanjani. Alistaafu 2016, wakati deni lake lilikuwa limebaki na drafti mbili mbele. Ukiniuliza kipimo cha kwanza, ni hiki: hesabu miaka unayotarajia huyu mkongwe acheze vizuri, kisha hesabu miaka utakayokuwa ukimlipia kwa drafti. Ya pili ikizidi ya kwanza, rudi mezani ukapunguze.

Phoenix 2020 na Phoenix 2023

Hii ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa klabu ni ile ile, nyota wao mkuu Devin Booker ni yule yule, na kati ya biashara hizo mbili haikupita hata miaka miwili na nusu.

Novemba 2020 Phoenix hawakuwa wamegusa mchujo tangu 2010. Walimchukua Chris Paul kutoka Oklahoma City, miaka 35, mshahara wa zaidi ya dola milioni 41 msimu ule na haki ya milioni 44 msimu unaofuata. Mkataba ule ulikuwa umeogopwa sana. Mwaka mmoja kabla, Houston walilazimika kuongeza nafasi mbili za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi ili wampeleke Paul Oklahoma City na kumpata Westbrook. Phoenix wakatoa Ricky Rubio, Kelly Oubre, vijana wawili wa benchi na nafasi moja ya raundi ya kwanza yenye kinga.

Angalia wasiowatoa. Booker, miaka 24. Deandre Ayton, 22. Mikal Bridges, 24. Cam Johnson, 24. Wote wanne walibaki. Paul alikuja kuikuta timu yenye miguu, yenye walinzi, yenye watu wa kurusha kutoka pembeni. Kilichokosekana ni mtu wa kuituliza dakika tano za mwisho. Ukitaka kuona alichokiongeza, tazama marudio ya mechi yoyote ya msimu ule. Ayton anasimama kumzuia mlinzi, Paul anapita kulia kwake taratibu, mlinzi anabaki mgongoni, anafika kwenye kona ya mstari wa mipira huru na kusimama. Senta wa wapinzani akimfuata, mpira unapaa juu kwa Ayton. Akibaki nyuma, Paul anarusha. Bridges yuko pembeni akisubiri yeyote atakayethubutu kumwacha. Hakuna mbio wala kuruka sana humo. Ni kuchagua tu, na mtu aliyecheza misimu 15 anachagua haraka kuliko mwingine yeyote.

Walimaliza na ushindi 51 na vipigo 21. Paul alicheza mechi 70 kati ya 72. Mechi ya sita ya fainali ya kanda ya Magharibi dhidi ya Clippers alifunga pointi 41 na kuipeleka Phoenix fainali. Milwaukee waliwashinda mechi nne kwa mbili baada ya Phoenix kuongoza mbili bila, na hilo liliuma. Ila msimu uliofuata walishinda mechi 64, rekodi ya klabu.

Sasa Februari 2023. Klabu ina mmiliki mpya, Mat Ishbia, na Kevin Durant anapatikana, miaka 34. Kama mchezaji, Durant wa wakati ule alikuwa juu ya Paul wa 2020, hilo halina ubishi. Bei ikawa Bridges, Johnson, Jae Crowder, nafasi nne za raundi ya kwanza zisizo na kinga (2023, 2025, 2027, 2029) na haki ya kubadilishana nafasi ya 2028. Kiangazi kikafuata, wakamtoa Paul mwenyewe kumpata Bradley Beal, aliyekuwa na mkataba mkubwa wenye kipengele cha kukataa kuhamishwa.

Denver waliwatoa raundi ya pili 2023. Minnesota wakawatoa 2024 bila kupoteza hata mechi moja. Msimu wa 2024-25 mishahara ya Durant, Booker na Beal peke yao ilipita dola milioni 150, wakati ukomo wa mishahara wa timu nzima ulikuwa karibu milioni 140.6. Walikuwa na orodha ya mishahara mikubwa kuliko zote kwenye ligi, wakashinda mechi 36, wakapoteza 46, wakakosa mchujo.

Ninaloomba msomaji alione hapa ni kwamba Durant hakushindwa. Wastani wake ulikuwa pointi 27.1 katika mechi 75 msimu wa 2023-24, na 26.6 katika mechi 62 msimu uliofuata. Mkongwe alitoa alichoahidi. Kilichoporomoka ni kila kitu kilichomzunguka: hakukuwa na Bridges wa kumkaba nyota wa wapinzani, hakukuwa na Johnson, na hakukuwa na njia ya kuwapata wa kuziba mapengo yao. Kiangazi cha 2025 Durant akapelekwa Houston, Beal akalipwa akaondoka. Miongoni mwa vilivyorudi kutoka Houston ni nafasi ya kumi ya drafti ya 2025, ambayo ilikuwa nafasi ya Phoenix wenyewe: ilikwenda Brooklyn kwa ajili ya Durant, ikapita Houston, ikarudi nyumbani. Waliitumia kumchagua Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Kwa upande mwingine, Brooklyn walimpeleka Bridges New York 2024 na kupata nafasi tano za raundi ya kwanza.

Paul wa 2020 aliongezwa juu ya timu. Durant wa 2023 alipatikana kwa kuitoa timu. Ukisikia tetesi kwamba klabu yako inamfuata nyota, usianze na takwimu zake. Chukua karatasi uandike majina ya wanane watakaobaki kucheza dakika za mwisho baada ya biashara kukamilika. Ukifika la sita ukaanza kusitasita, una jibu.

Holiday na Lillard, wiki moja

Jozi ya tatu nitaipitia kwa kifupi. Mwishoni mwa Septemba 2023, Milwaukee walimchukua Damian Lillard kutoka Portland. Walimtoa Jrue Holiday, Grayson Allen, nafasi ya 2029 na haki za kubadilishana za 2028 na 2030. Siku chache baadaye Portland wakampeleka Holiday Boston kwa Malcolm Brogdon, Robert Williams na nafasi mbili za raundi ya kwanza. Holiday na Lillard wote walikuwa na miaka 33, walizaliwa mwezi mmoja baada ya mwingine.

Lillard alifunga pointi zaidi ya 24 kwa wastani misimu yote miwili. Indiana waliwatoa Milwaukee raundi ya kwanza misimu yote miwili. Majeraha yalichangia sana, Giannis Antetokounmpo, nyota mkuu wa Milwaukee, hakucheza kabisa mfululizo wa 2024, na Aprili 2025 Lillard mwenyewe alikatika kano ya kisigino. Ila hata kabla ya majeraha, timu iliyokuwa ikisifiwa kwa ulinzi ilikuwa imemtoa mkabaji wake bora wa nje na kumwingiza mtu ambaye kukaba hakujawahi kuwa kazi yake. Tatizo lilihama tu kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda wa pili.

Boston hawakumhitaji Holiday afunge pointi 25. Alifunga 12.5, akakaba yeyote aliyepangiwa, wakashinda mechi 64 na ubingwa. Hata hivyo Boston nao walilipia. Walimwongezea mkataba wa miaka minne wa dola milioni 134, na kiangazi cha 2025 ikabidi wampeleke Portland ili kupunguza mishahara. Wawili hao wakakutana Portland, maana Lillard naye alirudi huko baada ya Milwaukee kumwachia. Tofauti ni kwamba Boston walikuwa na kombe.

Kinachofanya kosa la leo liume kuliko la zamani

Kanuni za fedha zimebadilika, na mashabiki wengi bado wanajadili kwa kanuni za kale. Zamani mmiliki tajiri aliweza kukosea, akalipa kodi ya anasa, ile faini ya kuzidisha mishahara, akanunua mwingine. Mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023 umeweka kizingiti cha pili juu ya mstari wa kodi. Msimu wa 2025-26 ukomo wa mishahara ni dola milioni 154.6 na kizingiti cha pili ni milioni 207.8. Timu inayokivuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi kumpata mmoja, haiwezi kutumia fedha taslimu kwenye biashara, inapoteza kifungu cha kusajili mchezaji wa mshahara wa kati, na nafasi yake ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele inagandishwa, yaani haiwezi kutolewa kwenye biashara. Ikirudia kukaa juu ya kizingiti hicho katika misimu miwili kati ya minne inayofuata, nafasi ile inasukumwa mwisho wa raundi.

Sasa mweke mkongwe humo. Mchezaji wa misimu kumi na zaidi anaweza kuanza mkataba kwa asilimia 35 ya ukomo, yaani karibu milioni 54 kwa msimu huo. Mtu mmoja tu ameshachukua robo ya nafasi yote uliyo nayo kabla ya kufika kizingiti cha pili. Na mkataba unaweza kupanda asilimia 8 kila mwaka, wakati mwili unateremka. Miaka miwili ya mwisho ndiyo ya bei kubwa na ndiyo ya mpira mdogo.

Mkataba wa NBA huwa na dhamana. Akiumia, analipwa. Njia ya kutokea ni kumwachia na kuutandaza mshahara uliobaki katika miaka mara mbili ya iliyobaki, ukiongeza mmoja. Ndivyo Milwaukee walivyofanya: Lillard alibakiwa na miaka miwili, deni likatandazwa kwa mitano, karibu milioni 22.5 kila msimu hadi 2029-30. Kwa misimu mitano kutakuwa na mshahara wa mchezaji mzuri kabisa wa kikosi cha kwanza kwenye vitabu, na hakuna mtu uwanjani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kushangilia jina, mtu afungue daftari na kusoma mwaka wa mwisho wa mkataba: ni kiasi gani, una dhamana kamili au nusu, uamuzi ni wa mchezaji au wa klabu, na kuna kipengele cha kukataa kuhamishwa au la. Hicho cha mwisho, mimi nisingekipokea kwa mtu aliyepita 30, awe nani.

Na ukingoja?

Ingekuwa dhuluma kuwasifu wanaongoja bila kuwakagua. Oklahoma City ndio mfano unaotajwa sana: walimtoa Paul George 2019, wakapokea Shai Gilgeous-Alexander, nafasi tano za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana, moja ya nafasi hizo ikawa Jalen Williams, na 2025 wakawa mabingwa. Mfano mzuri, ila ni mmoja. Philadelphia nao waliamua kuvumilia, wakafika kwenye ushindi 10 na vipigo 72 msimu wa 2015-16, wakakusanya vijana wa nafasi za juu mwaka baada ya mwaka, na katika misimu tisa iliyofuata hawakuvuka raundi ya pili. Hata katika ile hazina ya Boston kutoka Brooklyn, nafasi ya kwanza iliyoiva, ya 2014, ilimleta James Young, aliyechaguliwa wa 17 na hakudumu kwenye ligi.

Nafasi ya drafti ni bahati nasibu yenye uwezekano mzuri kidogo ukiwa juu, na mdogo sana ukiwa chini. Klabu inayoshinda mechi 55 na kuikumbatia nafasi yake ya 28 kama yai inajinyima bure. Na kuna gharama ya kungoja ambayo haiandikwi kwenye daftari: nyota uliye naye anazeeka. Kijana wa miaka 21 unayemlea atakomaa wakati nyota aliyepaswa kumbeba amechoka au ameomba kuondoka.

Thamani kubwa ya kungoja ni kwamba kunakuacha na la kufanya. Boston walipomchukua Derrick White kutoka San Antonio Februari 2022, hakuna aliyepiga kelele. Walitoa Josh Richardson, Romeo Langford, nafasi moja na haki moja ya kubadilishana. Akawa mmoja wa nguzo za ubingwa wa 2024. Timu iliyokwisha kutoa kila kitu kwa nyota mmoja haiwezi kufanya biashara ya namna ile.

Miguu au kichwa

Nikishaona kwamba kikosi kitabaki na daftari linabeba, ndipo namtazama mchezaji mwenyewe, na hapo nauliza anapata pointi zake kwa nini. Jason Kidd alifika Dallas Februari 2008 akiwa na miaka 34, bei ikiwa Devin Harris na nafasi mbili za raundi ya kwanza. Msimu ule walitolewa raundi ya kwanza na watu wakalia. Ila mchezo wa Kidd ulikuwa kwenye pasi na kusoma uwanja, na katika miaka yake ya Dallas aliiboresha mitupo yake ya pointi tatu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 38, alikuwa mwongozaji wa timu iliyowafunga Miami kwenye fainali. Westbrook alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili alipotua Lakers, lakini kila alichokuwa nacho kilitokana na mbio na kuruka, na mitupo ya mbali haikuwa silaha yake. Wapinzani wakamwachia nafasi, LeBron James akakosa pa kupita.

Kichwa nacho hakikingi mifupa. Steve Nash alikuwa miongoni mwa watoa pasi bora na warushaji bora waliowahi kucheza. Lakers wakamchukua 2012 akiwa na miaka 38, akavunjika mguu mechi ya pili, na katika misimu miwili aliyofanikiwa kucheza alimaliza mechi 65 tu. Moja ya nafasi za drafti walizotoa kwa ajili yake ilizunguka hadi 2018 na ikawa Mikal Bridges, yule yule ambaye Phoenix walimtoa baadaye kwa Durant. Kwa hiyo idadi ya mechi alizocheza misimu mitatu iliyopita naiweka juu ya wastani wake wa pointi. Paul alikuwa amecheza mechi 70 Oklahoma City kabla Phoenix hawajamchukua. Hiyo ilikuwa habari muhimu kuliko asisti zake.

Nani amchukue, nani amwache

Timu yenye vijana wanne wanaocheza pamoja, iliyokosa mwongozaji, na inayoombwa wachezaji wa pembeni na nafasi moja yenye kinga: ichukue, tena haraka, hata kama mshahara unatisha. Msimu mmoja kama ule wa Phoenix 2021 unarudisha mji mzima uwanjani.

Timu inayoombwa mkabaji wake bora na drafti za miaka sita bila kinga: iwache simu iite. Haijalishi jina.

Timu ya chini kabisa inayotaka jina kubwa ili kuuza tiketi isifikirie kabisa. Nyota mwenyewe atachoka kabla ya Krismasi, na nafasi itakayotolewa ndiyo itakayokuwa ya juu.

Kundi linalonipa shida kweli ni la nne: timu ambayo nyota wake mwenyewe anakaribia mwisho. Golden State Februari 2025 walikuwa na ushindi 25 na vipigo 26, Stephen Curry ana miaka 36, na Jimmy Butler wa Miami, miaka 35, anataka kuondoka. Kwa hesabu zote nilizoandika hapo juu, Butler ni hatari: mwili uliopigwa sana, na alitaka mkataba mpya, akapewa miaka miwili kwa dola milioni 121. Ila Golden State walitoa Andrew Wiggins, wachezaji wachache na nafasi moja tu ya raundi ya kwanza yenye kinga, na mkataba wa Butler ukaishia 2026-27, mwaka ule ule unaoishia wa Curry. Tangu aanze kucheza, timu ilishinda mechi 23 na kupoteza 8, ikawatoa Houston kwa mechi saba. Kisha msuli wa paja wa Curry ukaachia katika mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, na wakapoteza nne zilizofuata.

Hakuna kombe hapo, na wapo wanaoihesabu biashara hiyo kuwa hasara. Mimi ningeisaini tena. Curry hakuwa na miaka mitano ya kungoja kijana akomae, drafti za baadaye zilibaki karibu zote, na mikataba miwili mikubwa ilipangwa iishe siku moja, ili atakayekuja baada yao asikute deni la mtu aliyeondoka.